Kamba ya Mafundo Kumi na Manne

Siku ya kwanza kazini nilifika na jembe langu begani, makali nimeyafunga kitambaa yasimkate mtu njiani. Nilitoka nyumbani kwa miguu, milima ile ya upande wa Kipatimu ambayo unapanda ukidhani umefika, kumbe umemaliza kilima cha kwanza tu. Kituo cha afya kilikuwa kidogo, mabati yake yameshaingia kutu. Matroni alikuwa amesimama barazani kwenye wodi ya wazazi. Jina lake Matroni Felista Mbonde, mwanamke mfupi, lakini sauti yake ilikuwa inafika kabla yake. Nikapiga goti nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, huku analitazama lile jembe.

"Jembe la nini, binti Kindamba?"

"La kazi, Matroni. Nimeambiwa nakuja kulima."

"Majembe ninayo stoo. Liegemeze hapo ukutani, twende ukale kwanza."

Nikamfuata nimeduwaa. Kwetu hakuna anayelishwa kabla hajatoka jasho. Akanipeleka nyuma ya wodi, kwenye nyumba ndefu yenye mikeka na vitanda vya kamba. Hiyo ndiyo chigonela. Nyie vijana wa mjini huenda hamuijui. Chigonela ni nyumba ya kungojea. Mama anatoka mbali, mimba yake ina mashaka, labda mapacha, labda alishapasuliwa uzazi uliopita, basi anakuja kulala pale wiki kadhaa kabla ya siku zake, ili uchungu ukimshika usimkute mlimani. Siku ile walikuwepo kumi na mmoja. Nikakaa nao mkekani, tukaletewa ugali na mchuzi wa maharage. Tulipomaliza kunawa Matroni akaniuliza:

"Umeona nini kwenye sahani?"

"Ugali na maharage."

"Na ambacho hukukiona?"

Nikafikiri. "Mboga za majani."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako. Sokoni mboga zipo, usidhani sijui njia ya sokoni. Lakini nani amezimwagilia, kwa maji gani, amezipiga dawa gani, wewe unajua? Mimi sijui. Hawa kina mama nimewaomba kwa waume zao na kwa mama zao, nikaahidi kuwarudisha wazima. Nataka mboga ninayoijua tangu mbegu."

Halafu akaniwekea sharti, nami nalitaja hapa kwa sababu ndilo lililonifanya mkulima. Alisema anayelima ndiye anayekula kwanza. Kila tuta likianza kuchumwa, sahani ya kwanza ni ya mkulima, ataila mbele ya Matroni. "Nikikuona unatafuna bila wasiwasi, nami nitalala bila wasiwasi."

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Kusoma nasoma, lakini polepole, kwa kidole. Mwalimu wangu wa kazi hakuwa na cheti pia. Alikuwa Mzee Abdala Mkumba, mtunza bustani wa kituo, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba kama imechanjwa. Alinifundisha kitalu, yaani kijishamba kidogo cha kuoteshea miche kabla ya kuihamishia kwenye tuta. Akanifundisha kuzoesha miche jua, unaiondolea kivuli kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ili siku ya kuhama isife kwa mshangao. Akanifundisha matandazo, zile nyasi kavu tunazotandika juu ya udongo zishike unyevu. Mboji, ambayo ni mbolea ya takataka zilizooza, alinifanya niijue kwa mkono: unachomeka mkono kwenye lundo, ukiona moto bado, ngoja, ukiona imepoa na inanuka kama msitu baada ya mvua, tayari.

Alikuwa na maneno, yule mzee. Nikikosea kupanda alikuwa anasema, "Binti Kindamba, umepanda bamia au umezika? Kina cha mbegu ni mara mbili ya unene wake, hiyo umeichimbia kaburi la mtu mzima." Nikifanya vizuri alikuwa hasemi kitu, anajikunia ndevu tu na kwenda tuta jingine. Nikajifunza kuzifurahia zile ndevu.

Tulilima mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, majani ya maboga na kunde za majani. Pembeni tukaweka viungo: mchaichai kwa chai ya asubuhi, mrehani, tangawizi chini ya kivuli, pilipili. Maji tulichota kisimani, si kwenye kijito. Kijito kilikuwa karibu zaidi, lakini huko juu watu walikuwa wanafua, na wenye mikorosho wanasuuza mabomba yao ya dawa. Mzee Mkumba alikuwa anapita hatua mia mbili zaidi na ndoo zake mbili bila kulalamika. "Maji ya kijito yamepita kwa watu wengi," alikuwa anasema, "na kila mmoja ameyaachia kitu."

Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa karibu kuisha wakati vidukari walipovamia kunde. Vidukari ni wale wadudu mafuta, weusi, wanajazana chini ya jani wanalinyonya mpaka linajikunja. Tuliwaosha kwa maji, tukawapiga majivu, wakapungua leo wakajaa kesho. Bwana Shamba wa kata, Bwana Nassoro, akaja na baiskeli yake, amebeba bomba la mgongoni na chupa ya dawa.

Bwana Nassoro alikuwa mtu wa kueleza. Alituonyesha utepe wa rangi chini ya karatasi ya chupa. Mwekundu ni sumu kali kabisa, wa njano unaufuata, wa bluu unafuata, wa kijani ni nafuu. Wa chupa ile ulikuwa bluu. Akasema, "Rangi inakwambia namna ya kujikinga wewe unayepulizia. Kumkinga mlaji ni habari nyingine, hiyo imo kwenye siku za kusubiri." Siku za kusubiri ni zile zinazopita toka kupulizia mpaka kuchuma, ili dawa iishe nguvu kwenye jani. Akasoma yale maandishi madogo kama chawa: siku kumi na nne.

"Mtakumbuka?" akauliza.

"Kwa nini tusikumbuke?" akasema Mzee Mkumba, amekereka.

Lakini mimi nilijijua. Kichwani nilikuwa na matuta tisa, kila moja na siku zake. Sasa pale chigonela alikuwepo mama mmoja, Bi Mwanahawa Ngulangwa, ambaye hakujua a wala be, na wiki zake za kungojea alizihesabu kwa mafundo kwenye kamba aliyoining'iniza kitandani. Kila asubuhi anafungua moja. Nikamwomba anifundishe fundo lile, ambalo halifunguki kwa upepo lakini linafunguka kwa kucha. Nikachukua uzi wa mkonge, nikafunga mafundo kumi na manne, nikaufunga kwenye kijiti kichwani mwa tuta la kunde. Mzee Mkumba akalitazama, akakuna ndevu. Kamba ikinyooka, tunachuma. Kamba ina fundo, hakuna mkono unaogusa jani, hata wa Matroni.

Tulipulizia alasiri ya siku ulipoandama mwezi wa Ramadhani. Nakumbuka kwa sababu tulinawa dawa haraka haraka kwa sabuni, tukapanda kilimani pamoja na watu wote kuutafuta mwezi.

Asubuhi yake Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo kizima, Bwana Mketo, akatupangia zamu za mfungo. Mzee Mkumba aje mara baada ya sala ya alfajiri, amwagilie, aondoke jua lisimkaushe. Mimi nije alasiri. Ulikuwa utaratibu mzuri, wa huruma. Kabla ya hapo tulikuwa tunaingia bustanini pamoja, na tulidhani fundo atalifungua anayetangulia. Sasa tukawa hatuonani. Na hakuna kati yetu aliyesema neno moja dogo: nani sasa anafungua?

Siku ya nane ya mfungo nilikuja asubuhi, kwa sababu jioni iliyopita kamba ilikuwa imenyooka na nilishamwambia mpishi kwamba tunachuma. Mpishi wetu alikuwa Mama Kalista. Ulikuwa wakati ule wa mwaka ambao maghala yamebaki vumbi. Maharage yalikuwa yameisha, kina mama walikuwa na siku tano wanakula ugali na chumvi na chai kidogo. Wajawazito wale hawakuwa wamefunga, dini imewapa ruhusa. Nilipoingia jikoni na vikapu viwili vya kunde, Mama Kalista alipiga kigelegele.

Sharti la Matroni la mkulima kula kwanza lilikuwa limesimama. Mkulima amefunga, ataonjaje? Matroni mwenyewe alisema nitakula baada ya futari.

Nilirudi bustanini kumwagilia. Mzee Mkumba siku hiyo alichelewa, alikuwa amepitia kuchukua samadi ya mbuzi kwa ajili ya lundo la mboji. Alitua gunia lake kwenye saa tano hivi, akaenda kwenye kijiti, akasimama.

"Binti Kindamba, fundo langu liko wapi?"

"Fundo gani, Mzee?"

"Jana asubuhi niliacha moja. La leo. Naliona halipo."

"Nililifungua mimi jana jioni."

"Kwa nini ulifungue wewe?"

"Si kila siku nafungua mimi?"

Mzee aliishika ile kamba, akaipitisha vidoleni kama mtu anayesoma tasbihi, toka mwanzo hadi mwisho.

"Kila siku?" akasema.

"Kila jioni nikifika. Nilisema fundo lenyewe dogo, macho ya Mzee yasije yakahangaika."

"Na mimi kila asubuhi. Nilisema binti bado mgeni, asije akasahau."

Akaiachia kamba. Kisha akauliza, polepole, "Leo tumefunga la ngapi?"

Hilo swali lingeweza kujibiwa na mtoto yeyote kijijini. Kila nyumba ilikuwa inahesabu. Mimi mwenyewe alfajiri ile wakati wa daku nilikuwa nimewaambia wadogo zangu, leo la nane. Niliijua hesabu, nikalala nayo, nikaamka nayo, na bado nilichuma kunde kwa sababu kamba imenyooka. Siku kumi na nne tulizifungua kwa siku saba, mimi kwa upole wangu na yeye kwa upole wake.

Mzee Mkumba aliketi juu ya gunia la samadi. "Huenda haina neno," akasema. "Ikichemshwa vizuri. Ikioshwa." Halafu akasema lile ambalo wote tulikuwa tunaliwaza. "Barua yako iko mezani kwa Mfawidhi, wiki hii anaisaini. Mimi nimebakiza mwaka mmoja wa kustaafu. Tukienda kusema, binti, tumekwenda kujisemea wenyewe."

Barua hiyo ilikuwa ya ajira ya kudumu. Hadi wakati huo nilikuwa kibarua tu, ninayeweza kuambiwa kesho usije. Kwetu hakuna aliyewahi kuwa na barua ya namna ile. Mama yangu alishanitafutia bahasha ya nailoni ya kuitunzia. Nawaambia ukweli, nilisimama pale pumzi mbili tatu, naiona ile bahasha. Halafu nikaona kina mama wamekaa mkekani na sahani zao, na mimi nimefunga, sili. Kama ningekuwa nakula mimi kwanza, je, ningeila? Jibu lilinitoka miguuni kabla ya mdomoni. Nilikimbia.

Mama Kalista alikuwa anakoroga sufuria, jiko zima linanukia.

"Usipakue!" nikasema. "Mama Kalista, usipakue, imwage."

"Nimwage nini?"

"Mboga. Haijafika siku zake."

"Yesu na Maria! Nimwage na nazi nimeshaitia? Nazi tatu, tui la kwanza na la pili? Wewe mfungo umekupanda kichwani."

"Mama, tumehesabu vibaya. Ina dawa."

Akaacha kukoroga. Akatazama dirishani, nami nikatazama. Hadija Mtopela, mwenye mimba ya mapacha, alikuwa ameshapewa sahani yake kabla ya wenzake kwa sababu njaa ilikuwa inamtetemesha. Alikuwa amekaa kizingitini, amemega tonge, amelichovya. Sikusema hodi wala samahani. Nilimshika kiganja, nikalitoa lile tonge na kuiondoa sahani mapajani mwake.

"Ee!" Hadija akapiga ukelele uliofika wodini. "Mnamnyang'anya mjamzito tonge! Mwezi mtukufu huu! Njooni mwone, huyu wa bustani amenipora chakula!"

Wakatoka wote. Mwenye kuniapiza akaniapiza, mwenye kulia akalia. Njaa haina adabu, na mimi siwalaumu hadi leo. Matroni Felista akaja, sauti mbele. Nilimweleza pale pale, mbele ya wote, sikupamba: tulipulizia siku fulani, ilitakiwa isubiri siku kumi na nne, imesubiri saba, mkono uliofungua ni wangu na wa Mzee Mkumba, na aliyechuma ni mimi.

"Umekula, Hadija?" akauliza Matroni.

"Angeniacha nile!"

"Basi mshukuru, halafu umtukane ukipenda." Akamgeukia mpishi. "Chimba shimo. Usiwape mbuzi, usiwape kuku. Na sufuria lisuguliwe kwa mchanga."

Walikula ugali na chumvi tena siku ile. Nami niliona aibu kali kuliko njaa ya mfungo. Mchana ule ule nilipanda mpaka kwa mama yangu, nikaomba majani ya maboga na kisamvu, mashambani kwetu ambako hakuna bomba lililowahi kupita, nikashuka na mzigo kichwani kabla ya magharibi. Mama Kalista aliupokea, akaanza kuchambua. Jioni ile, baada ya kufuturu, kabla sijaondoka, nilipewa sahani ya kwanza. Nikala mbele ya Matroni. Hadija alinitazama hadi tonge la mwisho.

Mnaosoma mtaniuliza: wangeumwa? Sijui. Pengine asingeumwa hata mmoja. Sumu ya namna hii haina haraka ya kujionyesha, na kina mama wale wangeweza kula, wakashiba, wakazaa salama. Lakini "pengine" si neno la kumpa mtu aliyekuletea tumbo lake kwa kukuamini. Mkulima anaruhusiwa kusema najua, au kusema sijui na kumwaga. La tatu hakuna.

Siku ya pili tuliitwa kwa Mganga Mfawidhi. Barua yangu ilikuwa mezani, niliona jina langu limepigwa chapa.

"Nani alikosea?" akauliza Bwana Mketo.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Mzee Mkumba kwa wakati ule ule.

Mfawidhi akacheka kidogo bila kupenda. "Hata kukosea mnafungua wawili wawili." Kisha akanigeukia mimi, akawa mkali. "Somoe, hii barua siisaini mwaka huu. Sikufukuzi, kwa sababu umekuja mwenyewe. Ungeletwa na ugonjwa, ningekufukuza. Utabaki kibarua mwaka mmoja, nione. Mzee Mkumba, nawe utafanya kazi chini yake."

"Chini ya binti?" mzee akauliza.

"Chini ya mkono mmoja. Kuanzia leo kamba ni ya Somoe. Hata akiugua, fundo linamsubiri."

Ndivyo nilivyokosa barua nikapewa kamba. Ile bahasha ya nailoni mama alitilia mbegu za mchicha. Hadija alijifungua mapacha wote wazima, wa kike, nami kila asubuhi mpaka siku hiyo nilipita dirishani kwake nikijidai naangalia mrehani. Alinijua. Alikuwa anaficha sahani akiniona.

Barua ilisainiwa mwaka uliofuata. Lakini mimi nilikuwa nimeshabadilika. Nilianza kutafuta kulima bila kitu cha kusubiri. Nilipanda kunde mbali na kunde za mwaka jana, nikachanganya vitunguu na mchicha, nikapanda mrehani kuzunguka nyanya. Vidukari wakija nilitwanga mbegu za mwarobaini, nikaloweka usiku kucha, nikachuja kwa kitambaa, nikatia sabuni kidogo ishike jani, nikanyunyiza jioni jua likipoa. Kila siku nilikagua upande wa chini wa majani, maana mdudu ukimkuta mmoja unamminya kwa kidole, ukimkuta elfu unatafuta chupa. Bomba la Bwana Nassoro lilikaa stoo mpaka panya wakala mkanda wake. Chache sana ni siku nilizofunga mafundo, na zote nilizifungua mwenyewe.

Baadaye nilihamishiwa kisiwani Songo Songo, kwenye zahanati. Kule adui hakuwa mdudu, alikuwa chumvi. Maji ya kisima yanaunguza mche kabla haujajua umehamia wapi. Mganga wa zahanati, Bwana Faki, alinipokea kwa kusema, "Bibi, hapa tunakula samaki, majani waachie mbuzi." Nikalima kwenye magunia yaliyojaa mboji na makumbi ya nazi yaliyooza, nikakinga maji ya mvua kwenye mapipa, nikamwagilia kwa kopo, mche mmoja mmoja. Mwaka wa pili Bwana Faki alikuwa ananijia mwenyewe na sahani. Nikamwambia ngoja, ya kwanza ni yangu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shule ya bweni jirani na Mingoyo. Huko ni nchi ya korosho. Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, kila nyumba ina bomba na chupa iliyobaki nusu, na nusu hiyo inamwasha mtu mkono. Anaona wadudu kwenye mboga zake, anasema ngoja niimalizie hapa. Dawa ya mti wa korosho, inayokaa juu ya mkorosho miezi kabla ya korosho kuanguka, anaipiga kwenye chainizi ya kuliwa keshokutwa. Mtunza stoo wa shule aliniletea chupa ya namna hiyo, na Mkuu wa Shule, Mwalimu Mwanaisha, akaja nyuma yake.

"Bibi Somoe, wanasema hii inaua upesi."

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo sababu siitaki kwenye sahani ya mtoto."

"Na wadudu je?"

"Wadudu niachie mimi. Tumezoeana."

Akacheka, akairudisha chupa. Nililisha bweni lile mpaka nilipostaafu.

Sasa nakaa na mwanangu hapo hapo Mingoyo, karibu na njia panda, na mkewe Zubeda amerithi mkono wangu. Ana matuta sita nyuma ya nyumba, anauza chainizi na mchicha kwa watu wa njia panda. Mwaka huu viwavi walimzidi, mwarobaini ukashindwa, akanunua dawa ya mboga dukani. Alinijia na chupa kabla hajaifungua, nami nikamwuliza siku za kusubiri. Akasoma haraka, macho ya kijana: saba.

"Basi chukua uzi," nikamwambia.

"Mama, nina simu. Nimeshaiwekea ukumbusho, itanililia siku ikifika."

"Simu yako anaiona nani? Iko mfukoni mwako. Mteja akija haioni, jirani akija kuchuma jani la kuungia haioni. Kamba inaonwa na kila mtu."

Akafunga mafundo saba, akaning'iniza kwenye kijiti kichwani mwa tuta. Wateja walikuja, akawaonyesha kamba, wakaenda kwa wengine, wengine wakamcheka. Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akaanza kujivuna nayo, akawa anamweleza kila anayepita maana yake. Wapo waliosema watarudi kamba ikinyooka. Mmojawapo ni Hadija Mtopela, ambaye uzee umemleta kwa binti zake wawili hapa Mingoyo. Akinikuta njiani bado anapaza sauti: "Habari yako, mwizi wa tonge!" Nami naitikia salama.

Juzi asubuhi niliamka mapema, nikapita kati ya matuta na fimbo yangu. Kamba ilikuwa imebaki na fundo moja. Miaka yote hiyo, nikiona fundo asubuhi mkono unaenda wenyewe. Nilikuwa nimeshalishika kwa ukucha niliposikia ndoo imetuliwa nyuma yangu kwa kishindo.

"Mama! Toa mkono!"

Nikageuka. Zubeda, mkwe wangu, ambaye hajawahi kunipandishia sauti toka aingie nyumbani kwangu.

"Nisamehe, Mama," akasema, na macho hakuyashusha. "Lakini hilo ni la kwangu. Nafungua mimi peke yangu."

Nikautoa mkono. Nikasimama pembeni kama kibarua, nikamwangalia akilifungua kwa kucha zake, akiinyoosha kamba mpaka chini. Kisha akachuma majani machache, akaingia jikoni, na muda si mrefu akatoka na sahani. Nilinyoosha mkono kuipokea. Akanipita, akaketi kizingitini, akala yeye kwanza.

Nilijikuta najikuna kidevu.